Injini ya Mkono wa Kushoto

Miaka mitatu nilimwambia baba, "Pikapu inakula oili," na miaka mitatu akanijibu kwamba hata yeye anakula na bado anatembea. Tulikuwa tunatoka Kyerwa na mikungu ya ndizi, moshi wa bluu unatufuata mpaka waendesha bodaboda wanatutolea maneno, na yeye hana habari, ananisimulia tu biashara za kahawa za zamani. Mbishi yule mzee! Angenisikia hata mara moja tungebadilisha ringi za pistoni mapema, na leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Ihanda kutoka kwa mume, na sanduku moja na hasira nyingi. Baba hakuniuliza kitu. Alinipandisha kiti cha pembeni, akanifanya mpakiaji na mhesabu mikungu. Baadaye, miguu yake ilipoanza kuvimba, akanihamishia kwenye usukani, yeye akakaa pembeni kazi yake kunikosoa. Miaka minne niliendesha hivyo. Na ndani ya kabini ile, si mara moja wala mbili, alinigeukia akasema, "Hii ni yako. Siku nikiondoka, hii ni yako." Ndani ya kabini tu. Tukishuka, kimya. Mbele ya mama hakusema, mbele ya kaka yangu hakusema, mbele ya ndugu zake ndio kabisa. Nampenda baba yangu, lakini kwa hilo nina hasira naye mpaka leo.

Injini ilitangulia kufa. Tulikuwa tunapanda kilima kule Kiruruma ikaanza kugonga, nikausikia ule mgongano wa chuma kwa chuma, kisha ikakaza na kusimama papo hapo. Imenoki. Tulivutwa na trekta hadi nyumbani. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Siku ya kuanua tanga ukoo ukakaa. Kibanja chote, migomba na kahawa, akapewa kaka yangu, maana ndivyo ilivyo kwetu na sikutegemea vingine. Mama abaki kwenye nyumba yake. Mimi nibaki kwenye vyumba viwili vya uani, "kwa sasa." Nikasimama, nikasema baba aliniachia pikapu. Baba mkubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Akaniuliza, "Alikuambia mbele ya nani?"

Nikajibu, "Mbele yangu."

Watu wakacheka. Pikapu yenyewe ilikuwa bandani, kuku wameshahamia, nani angeigombania? Hata baba mkubwa akacheka. Akasema, "Basi sikilizeni. Siku ya misa ya kutimiza mwaka, ikiingia uani hapa kwa injini yake yenyewe, ni yake. Ikishindwa, tunawaita watu wa chuma chakavu." Kadi ya gari akaitia mfukoni mwa koti, na kikao kikahamia kwenye mambo ya mbuzi.

Wao walicheka, mimi nilikuwa nahesabu miezi. Bila pikapu nilikuwa mgeni kwenye kibanja cha kaka yangu, mtu wa kuambiwa "kwa sasa" mpaka siku atakapooa mke wa pili au atakapojenga banda la nguruwe, na vyumba vyangu vitahitajika. Nikiwa nayo nina kazi yangu, na siku wakinifukuza nina cha kuondokea.

Fundi wetu alikuwa na gereji Bugene, mtu mwenye asili ya Muleba, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ugonjwa wake. Yule bwana hawezi kukuambia jambo baya. Atakuambia "hakuna shida" huku ameshika kichwa. Pikapu ilipovutwa mpaka kwake akafungua injini ya baba, alisema hakuna shida mara nne, ndipo akanionyesha bloku lenye ufa na shafti iliyochimbika. Nikamuuliza, "Itafufuka?" Akasema, "Kufufuka itafufuka, ila itakuwa rahisi zaidi ukitafuta nyingine." Injini mpya? Thubutu! Hata sikuuliza. Tukakubaliana nitafute ya mtumba, ya aina ileile, kutoka gari lililopata ajali. Niliuza mbuzi wangu wawili, nikauza kahawa ya shamba nililokodi, nikaomba zamu yangu ya upatu ivutwe mbele. Miezi kumi na moja ikakatika hivyo.

Ndipo nikapata habari kwamba kuna mtu Nkwenda ana nusu ya pikapu, injini yake inawaka. Fundi akasema twende wote akaikague. Nikapiga hesabu: nauli yake, chakula chake, siku yake ya kazi. Nikajiambia, mimi huyu niliyekaa kwenye gari miaka yote hiyo nitashindwa kujua injini nzima? Nikaenda peke yangu. Kiherehere changu kiandikwe hapa, nisije kumlaumu mtu mwingine.

Nusu ya pikapu kweli ilikuwepo: boneti, injini, kabini mpaka nyuma ya viti, halafu imekatwa. Muuzaji akaunga betri, akawasha. Mawe, mama wee! Ilinguruma vizuri mpaka machozi yakanilenga. Hakuna moshi, hakuna kugonga, oili safi kwenye kijiti chake. Nikazunguka mbele, nikazunguka nyuma, nikachomoa simu nikapiga picha nimesimama pembeni na kidole gumba juu. Nikairusha kwenye kundi la familia, hasa ili kaka yangu aione. Watu zaidi ya ishirini humo ndani. Hongera zikamiminika. Shangazi mmoja akaandika, "Injini safi sana waitu jamani, Mungu ni mwema." Kaka akaweka dole gumba moja tu.

Hela zangu hazikutosha. Muuzaji akasema nimletee ile injini yangu iliyokufa, ikiwa kamili na vyote vilivyoning'inia, atanipunguzia. Nikaona nimempata! Ile ya baba ilikuwa inakalia nafasi tu. Siku mbili baadaye Fuso la ndizi likapeleka maiti Nkwenda na kurudi na injini nzima, imelazwa juu ya majani ya migomba, nami nimekaa pembeni yake nikiishikilia kwenye makona. Nilirudi Bugene nikiimba.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya misa.

Siku ya kwanza fundi akainyanyua kwa mnyororo, akaishusha mahali pake. Jioni nikapita, akasema hakuna shida, inakaa. Siku ya pili ikawa "inakaa, ila inajivuta." Siku ya tatu nikamkuta ameitoa tena, anaining'iniza hewani na kuitazama tu. Damu ikaanza kunichemka. Nikamwambia, "Mzee wangu, nieleze kama mtu mzima anavyoelezwa. Kuna nini?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole mno. "Dada, ile gari uliyoitoa hii injini, ilikuwaje?"

Nikamtolea picha. Akaichukua simu, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akapita kwenye uso wangu wenye meno nje, akapita boneti, akafika kwenye kioo cha mbele. Akanirudishia. "Usukani uko wapi?"

Uko kushoto. Upo pale, mweusi, mkubwa, nyuma ya kioo, upande wa kushoto kama gari lolote la ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikiuchekea.

Hebu nielezee, maana watu wa kwingine watanishangaa. Sisi huku mpakani tumezaliwa tukiyaona magari hayo. Malori ya Rwanda, magari ya wageni wa harusi kutoka ng'ambo, dereva amekaa kushoto anashuka upande usio wake, nani anageuka kutazama? Jicho linapita tu. Ndiyo maana watu zaidi ya ishirini waliitazama picha ile, wengine wana leseni, mmoja ni kondakta wa basi, na hakuna aliyeona kitu. Mtu wa Singida angeona palepale.

"Injini yenyewe ni ileile," fundi akasema. "Tatizo ni manifodi." Akaigusa kwa spana, ile pembe nene ya chuma inayokusanya moshi wa injini na kuushusha kwenye ekzosi. "Kwenye gari la mkono wa kushoto, inashuka upande huu bila wasiwasi, usukani hauko huku. Kwako wewe, inashukia juu ya usukani wenyewe. Nikifunga hivi itabidi uchague, dada. Ama ukate kona, ama utoe moshi."

Sikucheka. Nikamuuliza tunafanyaje.

"Hakuna shida," akasema, uso umemng'aa. "Tunachomoa manifodi ya injini yako ya zamani, tunaihamishia hapa. Iko wapi?"

Nikakaa juu ya tairi. Akaniletea maji.

Nilimpigia muuzaji wa Nkwenda. Akasema, "Aah dada, ile nilishawapa watu wa vyuma juzi." Watu gani? Hawajui. Wanatoka wapi? Wana gari la bluu. Hivi kweli! Nilishinda siku nne kwenye bodaboda nikiuliza gari la bluu la vyuma chakavu, vumbi mpaka ndani ya meno, kila kijiwe wananielekeza upande wake. Siku ya tano nikalikuta Kayanga, nyuma ya uzio wa mabati, na ndani yake rundo la vyuma linalofika paa.

Injini ya baba ilikuwa pale. Wameshaipasua kwa nyundo, vipande vinne. Niliitambua kwa rangi ya kijani ambayo baba aliipaka kwenye kifuniko, rangi iliyobaki kwenye mlango wa choo chetu. Sikutegemea kuumia, lakini niliumia. Manifodi ilikuwa imetupwa chini ya springi za kitanda, sikio moja la kupitishia bolti limemeguka. Nikaikumbatia na kutu yake yote, nikaelekea mlangoni.

"Mama, ipime kwanza," akasema mwenye rundo.

"Nipime nini? Hii ni yangu!"

"Ilikuwa yako."

Akaitundika kwenye mizani. Nikalipia manifodi yangu mwenyewe kwa kilo, na kutu ikahesabiwa. Mpaka sasa nikipita pale mkono unaniwasha.

Kutoka hapo kila kitu kilikuwa kinanitafuta. Sikio lililomeguka fundi aliliunga kwa kulehemu, likapasuka. Akaliunga tena, likapasuka. Mwishowe akatoboa bamba la chuma akalikandamiza kwa bolti mbili ndefu, kitu cha kutisha kukitazama, lakini kikashika. Gasketi iliyoletwa ilikuwa ya gari jingine. Rejeta ikavuja. Ijumaa, siku moja kabla ya misa, injini ikawaka mara ya kwanza, ikazima, ikakataa. Hewa imeingia kwenye bomba la dizeli. Fundi akasema hakuna shida, nikamwambia akilitamka tena hilo neno nitamfungia ndani ya boneti.

Jumamosi misa ilikuwa saa nne. Saa nne mimi niko Bugene, nimevaa kitenge changu cha misa, nimelala chini ya gari nikimshikia fundi bomba. Kengele ya kanisa niliisikia nikiwa chini kule. Misa ya baba yangu! Nililia, na kwa kuwa nilikuwa chali machozi yaliingia masikioni. Saa sita kasoro ikakubali.

Niliingia uani Ihanda watu wakiwa wanakula. Sikupunguza mwendo mpaka kwenye mti wa parachichi, nikapiga honi, kuku wakaruka, wanawake waliokuwa wanaosha sahani wakapiga vigelegele. Nikashuka, kitenge kimejaa grisi, nikaenda moja kwa moja mbele ya baba mkubwa, nikapiga goti. "Shikamoo baba mkubwa. Nimefika."

"Marahaba." Akasimama, akaizunguka pikapu polepole, akainama akasikiliza. Kaka yangu alikuwa ameshatangulia, amefungua mlango wa dereva, anapapasa usukani. "Afadhali," akasema. "Gari la ukoo limefufuka. Kesho nitasomba kahawa." Akaninyooshea mkono nimpe ufunguo, hivihivi, kama anaomba chumvi mezani.

Nikamgeukia baba mkubwa. "Ulisema ikiingia kwa injini yake, ni yangu."

Akakohoa. Akatazama wazee wenzake. "Mwanangu, yale yalikuwa maneno ya matangani. Sasa tuseme kwa haki. Injini umeinunua wewe, hakuna anayekataa. Injini ni yako. Lakini bodi ni ya marehemu, na mali ya marehemu ina mrithi." Akaonekana ameridhika na hukumu yake. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Ala! Mwaka mzima, mbuzi wangu, kahawa yangu, misa ya baba yangu niliyoikosa, halafu ndiyo nagawiwa injini bila gari? Nilisikia kichwa kinawaka. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya utaratibu hata mimi ikanishangaza. Nikasema, "Sawa baba mkubwa. Nimekubali. Nipeni spana namba kumi na nne."

"Ya nini?"

"Nachukua kilicho changu."

Nikafungua boneti. Hakuna aliyesogea. Wakadhani natania, kaka akacheka hata. Ndipo mama, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amesema lolote kuhusu pikapu, akainuka kwenye mkeka wake, akaingia ndani, akatoka na boksi la spana la marehemu. Lilikuwa zito, alilibeba kwa mikono miwili. Akaliweka miguuni pangu, akarudi akakaa.

Nilianza na manifodi. Injini ilikuwa bado ya moto, bolti ya kwanza ikaniunguza vidole viwili, sikuacha. Ya pili ikalegea. Nilipofika ya tatu baba mkubwa akaita, "Binti yangu, hebu ngoja. Sasa, viti hivi vya kanisa, na masufuria yale, vitarudije?" Maana walivileta kwa kirikuu cha kukodi, nacho kilishaondoka, na parokia ilivitaka jioni ileile.

Sikuinua kichwa. "Muulize mwenye bodi."

Wanawake wa kwenye sahani wakaangua kicheko, mmoja akashindwa hata kukaa. Kaka yangu akatazama viti, akatazama bodi, akatazama barabara. Kisha nikasikia baba mkubwa anapapasa koti. Akaja mpaka kwenye boneti, akanipa kadi ya gari, imekunjwa mara nne, ina joto la mwili wake. "Basi," akasema. "Bodi ifuate injini. Funga hizo bolti, viti vinachelewa."

Nilizifunga. Nikazikaza kupita kiasi. Kaka yangu ndiye aliyepakia viti, vyote, sikumsaidia hata kimoja.

Mama akasema atanisindikiza. Akapanda kiti cha pembeni, kile cha baba, akajifunga kanga vizuri. Tuliteremka kuelekea kanisani, masufuria yanagongana nyuma. Karibu na bondeni akasema, akitazama mbele tu, "Aliniambia na mimi."

"Nani?"

"Baba yako. Kwamba hii ni yako. Aliniambia chumbani, kabla hajazidiwa."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa kelele ya injini. "Mama! Mwaka mzima? Kwenye kikao wananicheka, na wewe umekaa pale?"

"Kikao hakikuniuliza," akasema.

Nikaisogeza pikapu pembeni ya barabara, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Nikazunguka, nikamfungulia mlango, nikamwambia ashuke alirudie neno hilo nje ya kabini. Nilidhani atanikaripia. Akashuka, akashika mlango kwa mkono mmoja, akalirudia kwa sauti kubwa, mpaka watu wawili waliokuwa wanapita na baiskeli wakasimama kusikiliza.